Fiksativu haiongezi ukali wa marashi

Siku hizi ukitaka kujifunza kuchanganya pafyumu, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: "Haivumi? Ongeza fiksativu." Wauza mafuta wanausema, wateja wanaupokea, na chupa ya fiksativu inauzwa kana kwamba ni chumvi ya kukoleza mchuzi. Sivyo ilivyo.

Fiksativu ni kiambato kizito kinachotiwa kwenye marashi ili yasikimbie upesi. Harufu tunaisikia kwa sababu chembe zake zinaruka kutoka kwenye ngozi au nguo hadi puani. Nyepesi zinatangulia, nzito zinachelewa. Limonini, inayoyapa maganda ya machungwa harufu yake, huchemka kwenye nyuzi 176 hivi. Benzili benzoeti, fiksativu ya kawaida kabisa, huchemka kwenye nyuzi 323. Ukizichanganya, ile nzito inajaza nafasi na kuzishika zile nyepesi, nazo zinatoka kidogo kidogo. Maana yake imeishia hapo.

Tatizo ni kwamba watu wanachanganya kuvuma na kudumu. Marashi yanayovuma hukutangulia mlangoni, shangazi akajua umefika kabla hujabisha hodi. Yanayodumu utayakuta kwenye kola ya kanzu kesho yake. Ili yavume, chembe lazima ziruke kwa wingi; ili yadumu, lazima ziruke kwa uchache. Utaona kwamba hayo mawili yanavutana. Chukua vipande viwili vya karatasi. Kimoja kichovye kwenye mafuta ya limau matupu, kingine kwenye mafuta yaleyale yaliyochanganywa nusu kwa nusu na benzili benzoeti. Cha kwanza kitakupiga puani papo hapo, cha pili kitakuwa kimepoa. Na kwa kuwa benzili benzoeti yenyewe hainukii karibu chochote, ukiizidisha umeyazimua tu marashi yako, tena kwa pesa zako. Ukali unatokana na kiasi na aina ya mafuta ya harufu uliyotia kwenye spiriti.

Wala fiksativu haitaifanya limau ifike magharibi. Itaichelewesha kidogo, kisha limau itakwenda zake. Mara nyingi kinachobaki jioni ni harufu ya fiksativu yenyewe, maana nyingine zinanukia, na vizuri sana. Hilo wazee wa pwani walilijua bila maabara: ambari inayotoka tumboni mwa nyangumi, zabadi ya ngawa na miski ya paa wa milimani huko Asia zilitiwa kwenye manukato kwa sababu zinakaa, na kwa sababu zenyewe ni harufu.

Za kutengenezwa zilikuja kuchukua nafasi hizo, na hazikuanza jana. Mwaka 1888 mkemia Mjerumani Albert Baur alikuwa akishughulika na dawa za milipuko, akapata kitu kinachonukia miski. Ambroksani, inayoshika nafasi ya ambari, hutengenezwa kutokana na sklareoli, kiambato cha mmea wa ukoo mmoja na mrehani, kwa hiyo anayedai kwamba kila cha maabara hakina asili ajue kwamba hiki kimeanzia shambani. Nyangumi na paa nao wamepumzishwa kiasi.

Miski hizi za maabara zina kituko kimoja. Galaksolaidi, mojawapo ya zinazotumika sana kwenye pafyumu na hata sabuni za kufulia, baadhi ya pua haziisikii kabisa. Mtu anajipulizia, hasikii kitu, anaamini imeisha, anaongeza. Kumbe abiria wenzake ndani ya daladala wameshafungua madirisha yote.

Kwa hiyo ukienda dukani, badala ya kuuliza kama marashi "yana fiksativu", maana kwa namna moja au nyingine karibu yote yanayo, omba upakwe kidogo mkononi asubuhi, kaendelee na shughuli zako, kisha urudi alasiri na umnusishe muuzaji mkono. Akisema bado yananukia, muulize yananukia nini.