Chembe za nano zinazowashwa na mwanga, ni kitu gani hasa kwenye kansa

Hizi ni chembe ndogo kupita maelezo, nyingi hazifiki hata nanomita 100 wakati unywele wako una kama 80,000 kwa upana. Zinabebeshwa dawa ya kansa, au zenyewe ndo dawa, zinaingizwa kwenye mshipa kwa dripu zikiwa zimelala, halafu daktari anamulika pale penye uvimbe tu ndo zinaamka. Ujanja wote upo hapo kwenye kumulika.

Maana kemo ya kawaida, yaani zile dawa kali za kuua seli za kansa, inaenda na damu mwili mzima, kama mkulima wa viazi kule Uporoto anapiga dawa shamba zima kisa mashina mawili, ndo maana mtu anarudi Mbeya kutoka hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, nywele zimeisha na chakula hakipiti. Sasa hizi chembe nazo zinazunguka mwilini, tusidanganyane, ila pasipomulikwa dawa inabaki imefungiwa kwa sehemu kubwa.

Kuamka kwenyewe kunategemea zimetengenezwaje. Zenye dhahabu zinameza mwanga zinaugeuza joto, seli za kansa zinaungua palepale. Nyingine ni vifuko vya mafuta, lipozomu, vikipata joto vinalegea dawa inamwagika. Halafu kuna zinazobeba kemikali ambayo ikimulikwa inaifanya oksijeni ya pale iwe sumu kwa seli, na wazo hili la kemikali sio geni, dawa ya aina hiyo iitwayo Photofrin iliruhusiwa Marekani tangu 1995 ila haikuwa ya nano, na mgonjwa alitakiwa akwepe jua siku 30 au zaidi, fikiria mkulima anayeshinda juani Usangu hapo.

Sio mwanga wowote lakini. Umeme ukikatika usiku washa tochi ya simu uibane na kidole, utaona kidole chekundu, yaani rangi nyingine zimemezwa humo ndani nyekundu ndo imepita. Madaktari wanasogea mbele kidogo ya nyekundu, infraredi ya kama nanomita 700 hadi 900, jicho haliioni ila inapenya nyama vizuri zaidi, na hata hiyo ni sentimita chache tu basi.

Kinachonifurahisha mimi ni upande wa picha. Chembe za dhahabu ukizipiga na leza ya kuwaka na kuzima harakaharaka zinatanuka kidogo na kutoa mlio ambao mashine inaunasa kama ultrasaundi, kwa hiyo daktari anaona kwanza zimefika wapi kabla hajawasha moto wenyewe.

Na kufika ndo shughuli. Uchambuzi wa 2016 wa majaribio mengi kwa wanyama ulikuta kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndo zinafika kwenye uvimbe, nyingi zinaishia kwenye ini na bandama. Kwa binadamu, 2019 yalitoka matokeo ya wanaume 16 wa Marekani wenye kansa ya tezi dume, walitumia chembe za silika (kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo) zilizovikwa dhahabu, leza ikaingizwa kwa waya mwembamba hadi kwenye tezi, ila zile zilikuwa za joto tu bila dawa ndani.

Kwa hiyo ngozi, koo la chakula, mlango wa kizazi, popote waya wa mwanga unapofika, hapo kuna matumaini. Kansa ikishasambaa mapafuni na kwenye mifupa huwezi kummulika mtu mzima, huyo bado ni wa kemo.