Je, setilaiti inaweza kurushwa kwa siku moja?

Karibu. Tarehe 14 Septemba 2023, jeshi la Marekani la anga za juu lilirusha setilaiti kutoka Vandenberg, California, saa 27 tu baada ya amri kutolewa. Zoezi hilo liliitwa Victus Nox, roketi ilikuwa Alpha ya kampuni ya Firefly, na saa 37 baada ya kuruka setilaiti ilikuwa tayari kwa kazi.

Kwetu Goma swali hili si la kupitishia muda. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilipopasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru mitaa kumi ihame. Watu wakashika njia ya Sake na magodoro kichwani, wengine wakavukia Gisenyi. Kilichowatisha wataalamu hakikuonekana kwa macho: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Picha za rada kutoka kwenye setilaiti zilisaidia sana kulibaini hilo, maana rada huona usiku, huona hata mawingu yakiwa yamefunga, na mlima wetu haukosi mawingu.

Basi kwa nini isiwe desturi, mlima ukinguruma roketi inaruka?

Ndani ya zile saa 27 hakuna kilichoundwa. Setilaiti ilikuwa imekwisha kutengenezwa na kupimwa. Hata kabla ya amri ya mwisho, mafundi walikuwa wameitwa wakaisafirisha kutoka kiwandani, wakaijaza mafuta yake, wakakaa macho. Amri ilipofika, kazi iliyobaki ilikuwa kupanga njia, kuifunga setilaiti kichwani mwa roketi, kuisimamisha roketi na kuijaza. Hapo kwenye kujaza ndipo penye shida. Oksijeni ya kimiminika, inayounguza mafuta ya roketi, huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Ukiitia mapema, inakuwa mvuke na kutoroka. Wachina wameikwepa taabu hiyo kwa roketi ya Kuaizhou, iliyoruka mara ya kwanza Septemba 2013: mafuta yake ni makavu, kama ya makombora, hukaa ndani muda wote, na roketi yenyewe hubebwa na lori.

Halafu dunia nayo haimngoji mtu. Njia ya setilaiti angani karibu haihami, lakini dunia inajizungusha chini yake, kwa hiyo uwanja wa kurushia hupita chini ya njia hiyo kama mara mbili tu kwa siku. Ni kama meli ya Bukavu: ikishang'oa nanga, subiri nyingine. Ndiyo maana kikosi cha Victus Nox kilipewa saa 24 za kujiandaa, kisha kiruke njia itakapofunguka. Marubani na mabaharia nao lazima waonywe wakae mbali.

Kuweka roketi na setilaiti ghalani zikingoja siku ya hatari ni gharama kubwa, na kwa maoni yangu ni majeshi tu yanayoweza kuibeba bila kuulizwa sana. Tazama upande wa raia. Sentinel-1B, setilaiti ya rada ya Ulaya, iliharibika tarehe 23 Desemba 2021, miezi saba baada ya Goma kuhama. Zikiwa mbili, hiyo na pacha wake, picha za mahali pamoja zilirudiwa kila siku 6. Ikibaki moja, siku 12. Ya kuziba pengo, Sentinel-1C, iliruka tarehe 5 Desemba 2024, karibu miaka mitatu baadaye, kwa sababu roketi yake, Vega-C, ilikuwa imeanguka Desemba 2022 na kusimamishwa.

Kwa majanga, basi, njia ya haraka ni nyingine. Tangu mwaka 2000 mashirika ya anga yana mkataba wa kimataifa: nchi ikipigwa na janga, wanazielekeza huko setilaiti zilizo juu tayari na kutoa picha bure. Mwaka 2021 mkataba huo uliitwa kazini kwa ajili ya Nyiragongo, na hakuna roketi iliyohitaji kuwashwa.