Tembe za Natrum Mur na upungufu wa maji mwilini: maswali na majibu

Swali: Nimeuziwa tembe za Natrum muriaticum 6X hapa Nairobi, nikaambiwa zinasaidia mwili kushika maji. Zina nini?

Chumvi ya kawaida, ile ile ya jikoni, iliyosagwa na sukari ya maziwa na kupunguzwa mara kumi, tena na tena, hadi mara sita; ndiyo maana ya 6X. Inabaki sehemu moja katika milioni. Tembe ya miligramu 250 ina robo ya mikrogramu ya chumvi, kwa hivyo kufikisha nusu kijiko cha chai ungemeza tembe zaidi ya milioni kumi. Za 30C, zilizopunguzwa mara mia kwa awamu thelathini, hazina chumvi hata chembe. Kama ulipata nafuu, shukuru glasi ya maji uliyomezea.

Swali: Mtoto anaharisha. Nianze na hizo?

La. Mpe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, pamoja na zinki. Chumvi na sukari, zikiwa kwa kipimo sahihi, hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo na kuvuta maji nyuma yake, hata wakati wa kuharisha. Soda haifai kwa sababu sukari yake nyingi huzidisha kuharisha.

Soma pakiti kwanza: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima. Hapa ndipo wengi hukosea. Pakiti ya lita ukiikoroga kwenye chupa ya nusu lita, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Maji ya jerikeni yachemshe, yapoe, ndipo ukoroge. Baada ya saa 24 mwaga yaliyobaki.

Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha kijiko kimoja kimoja, polepole.

Swali: Sina pakiti, na duka la dawa limefungwa.

Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Onja: yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

Swali: Na mtu mzima asiyeumwa, jua la Januari likichoma?

Maji tu. Mkojo ukiwa manjano hafifu, yanatosha.

Swali: Nikimbilie hospitali lini?

Finya ngozi ya tumbo la mtoto, uiachilie. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, au macho yamezama, amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, mpeleke sasa hivi, ukimnywesha ORS njiani kama anaweza kumeza.