Kuchagua Kisu cha Kwenda Nacho Porini

Ninafundisha vijana wanaojiandaa kuongoza watembezi katika misitu ya milima ya Uluguru, na swali ninaloulizwa kabla ya mengine yote ni la kisu. Mara nyingi muulizaji amekwisha kununua kisu kirefu na kizito, chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini wenye uwazi wa kuhifadhia viberiti na ndoano. Kisu cha namna hiyo sikishauri kwa yeyote, kwa sababu uwazi ule umechukua nafasi ya msuka, na msuka ndio ninaoutazama kwanza.

Msuka ni sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Unapokata au kupasua, nguvu hukusanyika pale bapa linapokutana na mpini, na ikiwa msuka ni mfupi au umeungwa kwa skrubu, hapo ndipo kisu kitakapovunjika, pengine jioni ya mvua, wakati kuni kavu pekee zimo ndani ya gogo ambalo bado hujalipasua. Kwa hiyo kigeuze kisu ukitazame kwa mgongoni: chuma kionekane kimepita katikati ya vipande viwili vya mpini hadi mwisho, na vipande hivyo viwe vimekazwa kwa ribiti. Visu vingi vya Mora kutoka Uswidi, ambavyo ni vyepesi na vya bei nafuu, vina msuka usiofika mwisho wa mpini, na bado ni visu bora vya kuchonga na kupikia. Ila sikubali mwanafunzi avigonge kwa rungu ili kupasua kuni.

Bapa la sentimita 10 hadi 12, lenye unene wa milimita 3 au 4, linatosha kwa kazi zote za kisu. Kufyeka njia na kukata matawi ni kazi ya panga, na anayetafuta kisu kikubwa cha kufanya yote mawili hupata chombo kisichochonga vizuri wala kufyeka vizuri. Mgongo uwe na kona kali, usiwe wa mviringo, kwa kuwa ndio unaokwangua gamba kavu la mti kupata vumbi la kuwashia moto bila kumaliza makali.

Katika uchaguzi wa chuma, mahali unapokwenda ndipo panapoamua. Chuma cha kaboni hunoleka upesi hata kwa jiwe la mtoni, lakini katika ukungu wa Uluguru, au kwenye hewa ya chumvi ya pwani, huweza kushika kutu kwa usiku mmoja, hasa kikilala ndani ya ala ya ngozi iliyolowa. Anayekichagua akifute kila jioni na kukipaka mafuta ya nazi kidogo. Chuma kisichoshika kutu, ambacho kina kromiamu ya angalau asilimia 10.5, husamehe uvivu huo, na kwa anayeanza ndicho ninachokipendekeza, mradi ugumu wake uwe kati ya 56 na 60 katika kipimo cha Rockwell. Kikiwa laini zaidi makali hukunjika, na kikiwa kigumu kupita kiasi humeguka kwenye miti migumu kama mpingo.

Wahunzi wetu nao wasidharauliwe. Springi ya gari ina kaboni ya karibu asilimia 0.6 na hutoa kisu kinachostahimili mapigo, lakini muulize mhunzi kama baada ya kukipoza katika mafuta alikirudishia moto mdogo, kwa sababu kisichorudishiwa moto hupasuka kama kioo. Kisha pitisha tupa taratibu kwenye makali: ikiyala kwa urahisi kama inavyokula msumari, chuma hakikukomaa.

Kabla ya safari, uliza sheria ya mahali. Msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ambako utaratibu wa kuingia huulizwa ofisini kwao. Lakini Mikumi na Udzungwa ni hifadhi za taifa, ambamo kuwa na silaha bila kibali ni kosa, na watu wamekwisha kushtakiwa kwa kukutwa na panga na visu. Mkiongozana na askari wa hifadhi, mwonyesheni kisu langoni na mwombe ruhusa kabla ya kuingia.