Masoko ya Krismasi Ulaya: njoo wakati wa Majilio, usisubiri Krismasi yenyewe

Kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu inaanza kulia na maswali ni yale yale. Juzi hapa dada mmoja wa Nairobi kanipigia, ana furaha kweli, kaka tumeshakata tiketi, tunatua Ujerumani tarehe 25 asubuhi, watoto wanataka kuona masoko ya Krismasi, utatupeleka wapi kwanza? Ikabidi nimwambie: dada, ukifika tarehe 25 utakuta soko limeisha jana yake.

Najua inauma kwa sababu na mimi ilinikuta. Mwaka wangu wa kwanza hapa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, kabla sijaanza hii kazi ya kutembeza wageni, nilipita Desemba nzima naenda kazini narudi, naona taa kwa mbali nikasema nitaenda siku yenyewe, nikavaa suti kama tunavyofanya kwetu Tukuyu, nikashuka kwenye tramu pale Altmarkt saa tano asubuhi ya Krismasi. Vibanda vimefungwa, hakuna hata mtu wa kumuuliza. Nilisimama pale na hela mfukoni niliyoiweka akiba miezi mitatu, na baridi ile ya kuingia kwenye mifupa, nikageuka nikarudi nyumbani.

Sasa nimekuwa nikitembeza watu kwenye haya masoko kwa miaka mingi na bado naona jambo hili ndilo linalowakwamisha wengi kuliko visa na kuliko hela, kwa hiyo acha nilieleze vizuri. Haya masoko ni ya Majilio. Wale Walutheri, Wamoravian na Wakatoliki mnajua, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, kitambaa cha zambarau madhabahuni, mshumaa mmoja kila wiki mpaka inatimia minne. Ujerumani mwezi ule mzima wa kungoja ndio sherehe ya nje, ya mtaani, ya kukutana na wafanyakazi wenzako jioni mkiwa mmeshika vikombe vya moto. Tarehe 24 mchana kila mtu anakimbia nyumbani, na kuanzia jioni ile Krismasi ni ya mlango umefungwa, familia na mti wao. Soko la Nürnberg na lile la Dresden yanafunga tarehe 24 saa nane mchana, mengine yanafunga 23. Kufungua nako kuna utaratibu wake, mengi yanasubiri kwanza ipite Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, ile inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, ndipo taa zinawashwa. Kama huna namna lazima uje baada ya Krismasi basi nenda Prague, pale uwanja wa mji wa kale wanaendelea mpaka 6 Januari.

Ukishaelewa kwamba ni kipindi cha kungoja, hata chakula kinaanza kueleweka. Chukua ule mkate wa Dresden unaitwa Stollen. Soko lenyewe la Dresden linaitwa Striezelmarkt, na Striezel ni jina la zamani la huo mkate, soko lipo tangu mwaka 1434, lilianza kama soko la nyama la siku moja tu kabla ya Krismasi. Zamani Majilio yalikuwa mfungo, siagi na maziwa marufuku, kwa hiyo mkate ulikuwa unga, maji na mafuta tu, mkavu hauna ladha. Watawala wa Sachsen, jimbo hili la Dresden, wakaenda kumuomba Papa, na mwaka 1491 Papa Innocent VIII akatuma barua ya kuruhusu siagi, mpaka leo Wajerumani wanaiita barua ya siagi. Leo Stollen umejaa siagi, zabibu kavu, lozi na maganda ya machungwa, juu umemwagiwa sukari ya unga mpaka mweupe wote, na ukiuangalia vizuri umbo lake ni la mtoto mchanga aliyefungwa nguo, ndivyo wenyewe wanavyosema, ni Mtoto Yesu. Nikimkatia mgeni kipande huwa namwambia asile haraka, huo mkate umengojewa.

Nürnberg nayo usiikose, na watu wa pwani ndio nawasisitizia zaidi. Lile soko linafunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, msichana aliyevaa dhahabu na taji anasimama kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche anasoma maneno ya kuwakaribisha watu, huyo ndiye Christkind, wanamchagua mpya kila baada ya miaka miwili. Lakini mimi kinachonivuta pale ni biskuti ya Lebkuchen. Ile ya daraja la juu inaitwa Elisenlebkuchen, sheria yao inasema lazima iwe na njugu kama lozi angalau asilimia 25 na unga usizidi asilimia 10, chini imelazwa kwenye kile kikaratasi cheupe chembamba kama hostia ya komunyo. Na ndani sasa! Mdalasini, karafuu, hiliki, kungumanga. Mwaka mmoja nilikuwa na bi mkubwa wa Pemba, amekuja kumtembelea binti yake Munich, tukapita kwenye kibanda akasimama ghafla akashika mkono wangu.

"Mwanangu, hii si karafuu hii?"

"Ndiyo bibi, karafuu yenyewe."

"Na hiliki namo wametia." Akafumba macho kidogo, akanunua maboksi manne.

Nimesema watu wa pwani, basi kwa Waislamu na wote wasiokunywa: soko linawafaa sana ila ulizeni kabla ya kula. Soseji nyingi ni nguruwe, pamoja na zile ndogo za Nürnberg zinazowekwa tatu kwenye mkate, na Flammkuchen ile kama chapati nyembamba ya kuoka huwa ina vipande vya nguruwe juu. Kula viazi vya kukuna vilivyokaangwa na mchuzi wa tofaa, lozi za sukari, njugu za kuchoma. Kile kinywaji cha moto kinachonukia mji mzima ni mvinyo mwekundu uliopashwa na viungo, lakini karibu kila kibanda kina cha juisi, agiza Kinderpunsch, viungo ni vile vile na hamna pombe. Na kikombe unakilipia dhamana, yuro kadhaa juu ya bei, wanaita Pfand. Wageni wengi wanadhani wamepigwa bei, hapana, rudisha kikombe urudishiwe hela yako, au baki nacho kama ukumbusho, miji mingi kila mwaka inachora kipya.

Strasbourg kule Ufaransa ni soko la tangu 1570 na barabara zake usiku ni nzuri ajabu, nenda katikati ya wiki maana Jumamosi hata kugeuka huwezi. Vienna mbele ya jumba la halmashauri taa zake utapiga picha mpaka simu iishe chaji. Nimefika yote hayo mara nyingi na sina ubaya nayo. Lakini mtu akiniambia ana siku nne tu, simpeleki huko, namleta Sachsen, tunapanda milimani Erzgebirge, kijiji kinaitwa Seiffen, kwa sababu vile vitu vya mbao unavyoviona vinauzwa kwenye masoko mengi ya Ulaya, pale ndipo utamuona mtu ameshika patasi.

Ile milima ilikuwa ya wachimbaji, na Seiffen walikuwa wanachimba bati. Bati lilivyozidi kupungua watu wakageukia mbao, wakaanza kukereza sahani, vifungo, halafu vinyago vya watoto. Nenda kwenye karakana ya mkerezaji wa duara, hii kazi usipoiona kwa macho huamini. Anachukua kipande cha gogo la mti jamii ya msonobari, bado kibichi kina maji, anakifunga kwenye mashine ya kukereza kinazunguka, anaanza kukitoboa na patasi, anachonga mtaro hapa, mgongo pale, upande wa mbele kisha wa nyuma, maji na mabaki yanamrukia kifuani, na wewe unayeangalia unaona duara tu kama donati kubwa lenye mabonde, haielekei kitu chochote. Halafu anasimamisha mashine, anaweka lile duara mezani, anapiga kisu na nyundo kama anayekata keki, kipande kinaanguka, na kile kipande kwa ubavu ni ng'ombe. Miguu, tumbo, shingo, kichwa, yote yapo. Duara moja linatoa makumi ya wanyama wanaofanana, na yeye wakati anachonga alikuwa haoni mnyama hata mmoja, mkono wake tu ndio unajua. Wanatengeneza tembo na twiga pia kwa ajili ya safina za Nuhu. Nilimuuliza mzee mmoja pale alijuaje twiga, akaniambia alirithi patasi na vipimo kwa baba yake. Nikamuonyesha kwenye simu picha ya twiga niliyoipiga Mikumi, akaiangalia muda mrefu sana, akasema shingo yangu fupi.

Kule kule ndiko yalikotoka mapiramidi ya mbao yanayozunguka. Ni kitu rahisi kabisa: chini mishumaa, juu kuna mabapa kama ya feni la dari, hewa ya moto inapanda inayasukuma, mhimili unazunguka na wachungaji na wachimba madini wadogo wa mbao wanazunguka nao. Lile lililopo sokoni Dresden lina urefu wa zaidi ya mita 14, lakini la mezani nyumbani ndilo lenye utamu, unazima taa ya umeme na vivuli vinatembea ukutani. Na yale matao yenye mishumaa wanayoweka dirishani, mchimbaji wa zamani wakati wa baridi alikuwa anaingia shimoni giza anatoka giza, jua halioni, kwa hiyo taa kwake ilikuwa na uzito. Pita kijiji cha kule saa kumi na moja jioni Desemba, kila dirisha linawaka, utaelewa bila mtu kukuhubiria.

Halafu kuna yule mzee wa mbao anayetoa moshi mdomoni, Räuchermann. Ukimuangalia vizuri ni chetezo tu. Anafunguka kiunoni, ndani unaweka kijipande cha mkaa uliochanganywa na ubani, unakiwasha, unamfunika, moshi unatokea mdomoni. Akina mama wa Mombasa na Unguja wakinusa hapo huwa sihitaji kueleza zaidi.

Ukitaka kununua, geuza kitu chini uangalie, muulize muuzaji ametengeneza nani na wapi. Aliyetengeneza mwenyewe au anayemjua fundi atakueleza mpaka uchoke. Cha mkono kitakugharimu makumi ya yuro, kwa hiyo nunua kimoja cha kweli, usijaze begi vya kiwandani.

Mengine ni ya kawaida. Visa ya Schengen unaweza kuomba mpaka miezi sita kabla ya safari, ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na nakuomba sana usingoje Novemba, miadi huwa inajaa. Kama mko kundi la mpaka watu watano hapa Sachsen, kata tiketi moja ya kundi ya treni za mkoa, inawapeleka siku nzima. Seiffen treni haifiki, unaenda nayo mpaka Olbernhau halafu basi. Jua linazama kama saa kumi, kwa hiyo nunua mchana kukiwa na nafasi, rudi jioni kutazama taa. Soksi za sufu, tena mbili, baridi inapanda kutokea kwenye mawe ya chini. Utaona vizuizi vya zege kwenye viingilio na polisi, ni kwa sababu ya mashambulizi yaliyowahi kutokea kwenye masoko haya, Berlin 2016 na Magdeburg 2024, usibebe begi kubwa.

Na ukibakiwa na siku moja nifuate Herrnhut, mashariki karibu na mipaka ya Poland na Czech. Hapa naongea kama mtoto wa Rungwe. Ni mji mdogo ulioanza 1722, wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi kwenye ardhi ya kabaila mmoja aitwaye Zinzendorf, na kutoka kwenye kanisa lao la Moravian wakatoka wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Ile nyota yenye pembe nyingi unayoiona imening'inizwa sokoni Dresden na kwenye vibaraza vya nusu ya Sachsen inatengenezwa pale. Ilianzia kwenye shule zao za bweni karne ya 19, mwalimu akiitumia kufundisha jometria, na kwenye yale mabweni walikuwemo watoto ambao wazazi wao walikuwa mbali kwenye kazi ya misioni, wanakaa wanakunja karatasi Majilio yanapoanza. Ina pembe 25, 17 zenye kitako cha mraba na 8 za pembetatu, na nafasi ya 26 ndiyo inapopita waya wa taa.

Nilimpeleka mama yangu alipokuja kunitembelea. Tuliingia kanisani kwao, kweupe kote, mabenchi meupe, akaona ile alama ya Mwanakondoo na bendera akanishika bega, "Mwanangu, huyu ni wa kwetu." Nikamwambia mama, ndiyo, ndiko alikotoka. Tulinunua nyota ya karatasi, zile za ndani zinauzwa zimekunjwa kwenye boksi bapa, ikasafiri katikati ya vitenge vyake mpaka Tukuyu. Wajukuu waliiunganisha sebuleni, pembe moja moja, wakahesabu, moja ikapotea chini ya kochi ikatafutwa mpaka ikapatikana. Na sasa ikifika Jumapili ya kwanza ya Majilio ananipigia asubuhi, kabla hata hajaenda ibadani, kuniuliza kama na mimi nimeshatundika yangu.