Leseni ya biashara haifuti mkataba wa nyumba

Wapangaji wengi wanaofanyia biashara nyumbani huamini kwamba ukishakata leseni na kodi ya nyumba unalipa kwa wakati, mwenye nyumba na majirani hawana la kusema. Sivyo. Leseni ni ruhusa ya mamlaka. Mkataba wa pango ni makubaliano yako na mwenye nyumba, na mkataba huo ukisema nyumba ni ya makazi tu, leseni haiubadilishi. Kampuni ya bima nayo (hili husahaulika mno) inaweza kugoma kulipa moto ukizuka jikoni unakopikia vyakula vya kuuza bila kuiarifu.

Wengine hudhani jirani akilalamika tu, biashara imekwisha. Kwa kawaida kinachopimwa ni kero yenyewe: kelele, harufu, moshi, wateja wanaoziba njia, inatokea saa ngapi na inajirudia mara ngapi. Anayeshona nguo mchana hana kesi sawa na anayechomelea vyuma usiku. Lalamiko likija, uliza ni jambo gani hasa, rekebisha kinachorekebishika, kisha andika tarehe na ulichofanya. Ruhusa ya mwenye nyumba iombe kwa maandishi. Ya mdomo hukanwa kirahisi, hasa nyumba ikiuzwa.