Hadithi ya bibi nayo ni fasihi

Wengi wetu huku Mbeya na Iringa tumekua tukiamini kwamba fasihi ni ile iliyochapwa kitabuni, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kisafwa tukaviachia salamu na msiba. Si ajabu: darasani tulitahiniwa vitabu.

Ila maandishi yalikuja baadaye. Tenzi za vita za Wagiriki wa kale ziliimbwa kabla ya kuandikwa, na hata shule zetu za sekondari zinafundisha fasihi simulizi.

Unaweza kujihakikishia jioni moja tu. Mwombe bibi akusimulie hadithi kwa lugha yake, umrekodi kwa simu. Sikiliza pale simulizi inapokatizwa na wimbo na watoto wanaitikia. Kisha jaribu kuitafsiri. Hapo ndipo penye utamu, na jasho pia. "Ugonile" ya Kinyakyusa ni salamu, lakini ndani yake mna kulala. Ukiandika "habari za asubuhi", usingizi umeupoteza.

Ukimaliza, tafuta maktabani ngano za Afrika Magharibi. Yule mdogo mjanja anayewazidi akili wakubwa, ambaye kwetu ni sungura, kwa Waakan wa Ghana ni buibui, na kwa Waigbo na Wayoruba wa Nigeria ni kobe. Mimi ningeanza na hao watatu kabla ya kugusa kitabu chochote cha nadharia. Buibui huyo alivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani, akafika Jamaika, na huko anasimuliwa mpaka leo.